Meno ya Mshazari

Asubuhi ile Leila alimimina chai, akaitazama, akaiacha ipoe. Mikate ya mafuta aliyoandaliwa na mama yake ilibaki kwenye sahani vilevile, na mama yake, ambaye siku zote hakubali mtu atoke nyumbani kwake na tumbo tupu, aliiondoa sahani bila kumshurutisha. Nyumba nzima ilijua ni siku gani. Giaboksi ya kwanza kutengenezwa nzima katika karakana ya Lukumani, baba yake Leila, kuanzia kasha lake hadi jino lake la mwisho, ilikuwa inakwenda kupanda mteremko wa gati la Lubunga ikiwa na mzigo. Meno yake yalikuwa yamekatwa na Leila. Kwa hiyo ni Leila ambaye angesimama nyuma.

Kusimama nyuma ni jambo la watu wa karakana hiyo tu, na bila kulijua hutawaelewa. Wakati wa vita, ndege zilipoacha kutua Bangboka na meli zilipoacha kupanda kutoka Kinshasa, Kisangani ilibaki peke yake msituni. Lori likivunjika gia, basi limekufa. Watu wakahamia kwenye baiskeli za abiria, zile toleka, na Lukumani, kijana wa ukoo wa Waislamu ambao babu zao walifua chuma tangu enzi za misafara, akaanza kuchonga magurudumu ya meno ya hizo toleka kwa tupa, akiwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba pale Simi-Simi. Halafu akaja mfanyabiashara mmoja mwenye lori na mdomo mrefu. Gia ya kwanza ya lori lake ilikuwa imesagika. Lukumani akaitengeneza upya kutoka kwenye ekseli ya lori bovu la jeshi alilolipata Kapalata, akapoteza ngozi ya vidole vyote, akaifunga. Mfanyabiashara akalitazama lori, akautazama mlima, akasema kwamba kama fundi anaiamini kazi yake, basi na asimame nyuma ya lori likipanda.

Lukumani alisimama. Lori likapanda. Mji ukacheka, ukapiga makofi, na kuanzia siku hiyo hakuna mteja wa Simi-Simi aliyedai garanti. Kilichotakiwa ni kwamba gari likipanda mara ya kwanza, yule aliyekata meno asimame nyuma yake, karibu kiasi cha kuweza kuligusa, na asiondoke hapo.

Desturi nzuri, mpaka pale chuma kimoja chenye ufa ndani kilipokatika katikati ya mlima na lori likarudi nyuma. Lukumani alitoka hai, lakini mguu wake wa kushoto haukunyooka tena. Mtu mwingine angeifuta desturi. Yeye alifanya kichekesho kikubwa zaidi: aliishika, na ili mtu mwingine asije akalazimika kusimama, alikata meno yote kwa mkono wake mwenyewe. Aliajiri watu wa kukereza vyuma, wa kuchomelea, wa kuuza, wa kubeba. Wa kukata meno hakuajiri. Karakana ilipata mashine, ikapata umeme wa bwawa la Tshopo pale umeme ulipojisikia kuja, ikahama kutoka kwenye toleka ikaingia kwenye pikipiki, lakini haikuweza kukua kupita mikono miwili ya mzee mmoja anayechechemea.

Leila aliliona hilo tangu akiwa msichana, na lilimkera. Alisoma ufundi wa mashine, akarudi nyumbani, akamwambia baba yake mambo mawili ambayo mzee hakutaka kuyasikia. La kwanza, kwamba na yeye atakata meno. La pili, kwamba hatayakata yaliyonyooka. Atayakata ya mshazari, yaliyolala upande, kwa sababu meno ya namna hiyo hushikana mengi kwa pamoja, hugawana mzigo, na hayapigi kelele.

Maana meno ya Lukumani yalikuwa na kelele, na mji mzima ulizijua. Chombo chochote kilichofungwa gia ya Simi-Simi kilipiga kilio chembamba kikipanda mlima, kilio kinachoanzia chini na kupaa juu, hata mtu aliyelala mtaa wa Mangobo akageuka kitandani akajua Lukumani anapita. Mzee alikipenda kilio hicho kama watu wengine wanavyopenda kuitwa jina lao barabarani.

"Meno ya kulala inasukuma arbre kwa upande," alimwambia bintiye, akigusa mhimili wa gia, kisha kasha lake. "Siku moja itapasua carter, na weye uko nyuma."

"Ndiyo maana nimeweka rondelles ya shaba, papa. Zinabeba ile kusukuma. Angalia." Akamwekea kiganjani pete bapa za shaba.

Mzee aliangalia. Aliangalia miezi mingi, akaguna, akasema chuma si daftari la chuoni. Kisha akaja Mama Augustine, mwanamke wa ukoo wa wavuvi wa Yanonge, mwenyekiti wa wenye trisikli za mizigo, pikipiki za magurudumu matatu, ng'ambo ya pili ya mto, na akataka giaboksi kwa trisikli zote za chama chake, zile zinazokwenda na chumvi na saruji hadi Yanonge na kurudi na samaki na sombe, majani ya muhogo. Kazi ya namna hiyo mikono miwili haiiwezi hata ikikesha. Lukumani aliitazama mikono yake, akaigeuza viganja juu. Halafu akamgeukia binti yake.

"Bon," akasema. "Kata."

Leila alikimbilia nje ya karakana, akasimama nyuma ya ukuta ambako hakuna anayemwona, akarukaruka kama mtoto. Ana miaka thelathini na kitu huyo, na mafundi watano wanaomwita yaya, yaani dada mkubwa.

Basi asubuhi hiyo, bila chai, alifika Simi-Simi akamkuta baba yake amemtangulia tangu swala ya alfajiri. Mzee alikuwa amepiga magoti kando ya trisikli, spana mkononi, anakaza boliti ya mwisho ya kifuniko cha giaboksi.

"Nilipita tu kukaza boulons," akasema bila kuinua kichwa.

Leila alitabasamu. Mzee ambaye hakuiamini kazi yake amepiga magoti na mguu ule mbovu ili aikaze. Alitaka kumwambia neno zuri, lakini baba na binti hawa walikuwa hodari wa kuzungumza juu ya vyuma, mengine yakawashinda. Akachukua kitambaa, akafuta mafuta kwenye kasha.

Kivuko kiliwachukua wote: trisikli, mafundi, mzee kwenye kiti chake cha plastiki, na watu ambao hawakuwa na safari yoyote Lubunga ila kuona. Mto ulikuwa umejaa, maji yakikimbia na matawi ya miti. Leila alisimama mbele kabisa, mikono kwenye ukuta wa kivuko, moyo ukimwenda mbio kiasi cha kumchekesha mwenyewe. Aliuona mteremko ng'ambo ukikaribia, mwekundu, mwinamo wake mkali, na pande zote mbili watu wamejipanga tayari. Kisangani hawahitaji tarumbeta. Mtu mmoja akijua, mji umejua.

Mama Augustine aliwapokea kwenye gati akiwa amevaa kitenge kipya. Nyuma yake alisimama Glodi, dereva wake, kijana mrefu aliyevaa shati la kanisani kwa ajili ya kazi ya mafuta na vumbi. Saruji ilipakiwa. Mama Augustine aliuzunguka mzigo, akauona mdogo, akaongeza mifuko miwili, bado akauona mdogo, akawaamuru dada zake wawili, wanawake wa miili yao, wapande juu ya mifuko wakae.

"Mama, hii ni kupima ao ni kuua?" Glodi akauliza.

"Kwa njia ya Yanonge banapakia kuliko hapa. Washa moteur."

Leila alikwenda nyuma ya trisikli, akasimama. Alikuwa ameshaota nafasi hiyo mara nyingi, lakini ndotoni mzigo haukuwa mrefu hivyo wala karibu hivyo na pua yake. Alinusa saruji. Alimwona baba yake kando ya njia, mikono kwenye magoti, macho chini. Hofu ilikuwepo, hakuna haja ya kudanganya, lakini juu ya hofu ilikuwepo furaha kubwa zaidi, iliyomtekenya mpaka kwenye nyayo. Glodi akaingiza gia ya mlima, akaachia klachi, na trisikli ikaanza kupanda.

Ilipanda vizuri. Magurudumu yakauma udongo, dada wawili wakashikana, watu wakaanza kupiga makofi. Leila akaifuata, hatua kwa hatua, mkono mmoja umenyooshwa nyuma ya mzigo.

Ndipo akakisikia kile kilio.

Kilianza chini, chembamba, kikapaa. Vijana kando ya njia wakakiitikia kwa miluzi, kama walivyozoea tangu utotoni. Hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Kwa nini washtuke? Hivyo ndivyo gia za Simi-Simi zinavyolia. Trisikli ikapanda ikilia, ikafika kileleni ikilia, na gati zima likalipuka kwa vigelegele. Mama Augustine alikuwa akicheza peke yake.

Leila alisimama pale juu, mkono bado umenyooka. Meno yake hayalii. Alikuwa ameyazungusha kwa mkono, akayazungusha kwa mota, akaweka sikio juu ya kasha, na hayakulia. Ndani ya ile giaboksi kulikuwa na meno ya mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa mmoja tu duniani.

Watu walikuja kumkumbatia. Mtu alimpaka poda usoni, mwingine akamfunga kitenge kiunoni. Mama Augustine akamshika mikono yote miwili.

"Leila, kazi ni ya kwenu. Zote. Tumemaliza."

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani wenyewe, si kwenye mlima. Angeweza kunyamaza. Karakana ingeipata kazi, mzee angekuwa na amani, na kesho angeyarudisha meno yake kimya kimya. Lakini yangekwenda Yanonge bila mtu kusimama nyuma yao, na yeye angebaki vilevile, binti anayesaidia baba. Na kusema mbele ya umati kwamba Lukumani amefanya ujanja, hilo nalo mtoto aliyelelewa haliwezi. Akamwomba Mama Augustine amsubiri kidogo, akateremka alikokaa baba yake.

Alichuchumaa mbele ya kile kiti cha plastiki. Alikuwa na hasira, lakini sauti aliishusha.

"Papa, meno yangu iko wapi?"

Lukumani hakujifanya hajui. Alifungua mfuko wa vyombo vyake uliokuwa miguuni, akatoa kitambaa cheupe, kisafi, cha aina ambayo hakuna mtu anayeipeleka karakana. Ndani yake yalikuwemo yale magurudumu mawili ya meno ya mshazari, yamepakwa mafuta jino kwa jino, na zile rondeli za shaba zimefungwa pamoja kwa uzi zisipotee.

"Nilikata ingine ya kunyooka kwa kipimo yako," mzee akasema. "Nikasema, ipande kwanza na yangu. Kisha tutaweka yako. Hakuna mutu atajua, na weye hautakuwa nyuma."

"Sasa nani atajua kama yangu inapanda?"

Mzee akanyoosha kona za kile kitambaa.

"Papa, miye sikutaka tu trisikli ipande. Nilitaka ipande na miye niko pale."

"Najua," Lukumani akasema polepole. "Miye pia najua vile inauma, kama mguu hainyooki tena. Mguu ni wangu. Yako sikutaka kuiona ikivunjika." Machozi yalimlenga, akayapangusa kwa kile kitambaa cheupe na kujiachia alama ya mafuta shavuni. "Nisamehe, mutoto yangu. Nilikuibia siku yako."

Leila hakuwahi kumsikia baba yake akiomba msamaha kwa mtu, hata kwa mkewe. Hasira yote ikamtoka mara moja, ikabaki ile furaha ya asubuhi, imejikunja mahali fulani, inangoja. Akamshika mkono kumwinua.

Mzee mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa Mama Augustine, akichechemea, na kusema kwa sauti ambayo gati lote liliisikia.

"Mama, ile umeona ni ya zamani. Ni meno yangu. Nilibadilisha asubuhi, mutoto hakujua. Ile yake haujaiona. Shusha trisikli."

Mama Augustine alimtazama mzee, akamtazama binti, akawatazama dada zake ambao walikuwa wameanza kushuka kwenye mifuko.

"Muninunie musininunie, mukae," akawaambia. "Tunarudia."

Walifungua giaboksi palepale chini ya mteremko, juu ya turubai, mafuta yakakingwa kwenye beseni la kuoshea samaki. Lukumani alishika taa ya simu ingawa jua lilikuwa kali, na Leila akaweka kila kitu kwa mkono wake: gurudumu, rondeli, gurudumu, rondeli. Watazamaji waliongezeka badala ya kupungua. Kivuko kilikwenda mjini kikarudi kimejaa zaidi, maana habari kwamba Papa Lukumani amemfanyia ujanja binti yake zilikuwa tamu kuliko habari za giaboksi. Muuza karanga aliuza mpaka sinia likabaki tupu. Vijana walikuwa wamegawanyika makundi mawili, wa meno ya kunyooka na wa meno ya kulala, na wote walibishana kama watu waliozaliwa ndani ya giaboksi.

Leila alikaza boliti ya mwisho. Akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akaenda nyuma ya mzigo, akasimama.

"Glodi, ukifika katikati, simama," akasema. "Kisha uondoke tena."

"Yaya Leila, katikati?"

"Lori ya papa ilirudi katikati. Simama pale."

Glodi alifanya ishara ya msalaba, akawasha. Trisikli ikaanza kupanda, na mtu angedhani imekosa kitu. Mota ilinguruma, mawe yalipasuka chini ya mipira, lakini kilio hakikuwepo. Vijana waliokuwa wamekunja midomo kupiga mluzi walibaki nayo imekunjwa. Leila alisikia viatu vyake mwenyewe vikizama kwenye udongo. Alisikia mmoja wa wale dada akisali kwa Kilokele, lugha ya kwao.

Katikati, Glodi akasimama. Mzigo wote ukaegemea nyuma, ukamjia Leila. Glodi akaachia breki, akaachia klachi, na kwa kitambo kidogo trisikli ilirudi, kiasi cha kiganja, mpaka mfuko wa saruji ukamgusa kifuani. Watu wakapiga ukelele. Mwili wake wote ulitaka kuruka kando. Hakuruka. Aliweka viganja vyote viwili juu ya ule mfuko, akiwa anajua vizuri kwamba viganja havizuii kitu, na akahisi kupitia saruji na chuma kile alichokingoja maisha yake yote: meno yake yakishikana, moja, na jingine, na jingine, laini. Mfuko ukamwacha. Trisikli ikaondoka, ikapanda, ikapanda, ikatokeza juu kileleni kimya kabisa, na dada wawili wakainua mikono kana kwamba ni wao walioisukuma.

Leila alipiga ukelele. Hakujali nani anamwona. Alicheka kwa sauti, akaruka, akageuka ili amtafute baba yake kwenye kiti chake kule chini, na akakuta kifua cha mtu mbele ya uso wake.

Lukumani alikuwa nyuma yake. Alikuwa ameupanda mteremko kwa mguu ule, bila fimbo, hatua moja nyuma ya binti yake, na mikono yake ilikuwa bado imenyooka mbele, imefunguka, tayari kumdaka. Alikuwa akihema vibaya. Viatu vyake vilikuwa vimebaki kwenye tope huko chini.

"Papa, munafanya nini hapa? Haiko desturi."

Mzee alikuwa akiangalia juu, ilikopotelea trisikli, amegeuza kichwa upande na kutega sikio, kama mtu anayemwita mwenzake na kungoja aitikiwe.

"Sikusikia kitu," akasema, na mshangao ulimjaa usoni mpaka akaonekana kijana. "Leila, miye nilikuwa karibu hivi, na sikusikia kitu."

"Ndiyo, papa."

"Hata kidogo."

Akaanza kucheka, na machozi yakimtiririka waziwazi mbele ya Lubunga nzima, na akashindwa kuishusha mikono yake, mpaka binti yake alipoingia mikononi mwake.